Saa sita mchana, Lusahunga

Ndugu zangu, sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tunaijua sheria moja kuliko hata za kwenye katiba: steringi hafi. Azingirwe na majambazi ishirini, hafi. Risasi zao zinapita pembeni, zake hazikosi mtu.

Juzi nimeangalia tena "High Noon", picha ya kauboi ya mwaka 1952, isiyo na rangi. Gary Cooper anacheza kama Will Kane, mlinda sheria wa mji mdogo uitwao Hadleyville. Ndiyo kwanza ameoa na kuacha kazi, mara anasikia kwamba Frank Miller, jambazi aliyempeleka jela, anakuja na treni ya saa sita mchana. Kane anaingia baa, anaingia hadi kanisani, akiomba watu wa kusimama naye. Kila mtu ana sababu yake. Wengine wanakumbusha kwamba walinda sheria wanalipwa kwa kazi hiyo.

Hapo ndipo nilipoikumbuka Lusahunga.

Kwa msiopajua, ni njia panda wilayani Biharamulo, barabara ya Bukoba inapoachana na ya Ngara na Rusumo. Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa saa 24 hivi, wengi hawana kitu zaidi ya roho zao. Vita vya majirani viliacha pia bunduki zikizagaa, na mapori yale yakawa ya watekaji. Kwa miaka mingi mabasi yalisubiri eskoti ya polisi.

Mwaka 2007 nilikuwa mtoto, nasafiri na mama kwenda Ngara. Watu wanaficha hela kwenye soksi, mwingine kwenye nepi ya mtoto. Akapanda askari na SMG yake, kijana wa umri wangu wa leo, akakaa kiti cha mbele. Abiria wa pembeni yake akanyanyuka kimya kimya, akaenda kusimama nyuma. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Watekaji wakifyatua, risasi ya kwanza ni ya askari.

Mama akanishika mkono, tukakaa kiti kile.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umekula?"

Akampa hindi la kuchoma. Alilila kwa mkono mmoja, wa pili uko kwenye bunduki. Tulifika salama, akashuka, akavuka barabara kusubiri basi la kurudi.

Kane naye hafi. Anayemwokoa ni mkewe Amy, ambaye dini yake inakataza bunduki. Mji unapotoka kwenye maficho, anatupa beji yake mavumbini na kuondoka bila kuaga. Miaka ile nilidhani picha hii inamhusu steringi. Sasa nawaangalia zaidi wale waliofunga madirisha.

Wewe ungekaa kiti kipi?