Barolo ya 1985 na Iliyofuata

Mimi ni mtoto wa Dodoma, ambako mzabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo habari ya kungoja divai miaka kumi niliisikia kama masihara. Aliyenieleza alikuwa baba wa mwanafunzi mwenzangu wa Torino, Italia. Familia yao ililima hekta chache huko Castiglione Falletto, mojawapo ya vijiji 11 vinavyoruhusiwa kuita divai yao Barolo. Mwaka 1985 ulikuwa umewapa mavuno mazuri, na divai yake ilikuwa bado ndani ya pipa kubwa la mwaloni. Mzee alichota kidogo kwa mrija wa kioo akanipa. Ilikuwa na ukakasi wa bibo bichi. Ulimi ulinikauka hadi nikashindwa kumeza vizuri. Alicheka, akasema hiyo si ya kunywa, ni ya kuweka.

Ukali ule haukuwa bahati mbaya. Zabibu ya nebbiolo, ambayo ndiyo pekee inayotengeneza Barolo, ina tanini nyingi na uchachu mwingi, na inachelewa kuiva. Enzi zile ilivunwa Oktoba, ukungu ukiwa umeshatanda mabondeni, na mara nyingi wakulima waliivuna kwa kuogopa mvua tu, haijaiva sawasawa. Juisi iliachwa na maganda yake wiki nyingi. Sheria nayo ilidai miaka mitatu kabla ya kuuza, miwili kati ya hiyo ndani ya mbao. Kwa mazingira hayo, subira haikuwa hekima ya wazee. Divai ilikuwa hainyweki, basi.

Mwaka 1986 uliwapiga pande zote. Machi iligundulika kwamba kuna wafanyabiashara walioongeza methanoli kwenye divai ya bei nafuu. Zaidi ya watu 20 walikufa nchini Italia, na jina la divai ya nchi nzima likachafuka, hata la watu wasiohusika kabisa. Mei ikaja mvua ya mawe ikararua mashamba ya Barolo. Nakumbuka Mama mwenye nyumba akihesabu madeni mezani kwa sauti ya chini, mwanawe akizungumzia kazi ya kiwanda Torino, kama vijana wengi wa vilima vile kabla yake.

Kijana hakuondoka. Alibaki akaleta ugomvi. Wakati huo kulikuwa na kundi la vijana waliokwenda Burgundy, Ufaransa, wakaona wenzao wanauza divai ghali huku wao wakihangaika. Elio Altare wa La Morra ndiye aliyesimuliwa zaidi: mwaka 1983 aliyakata kwa chenso mapipa makubwa ya baba yake ili aweke barrique, yale mapipa madogo ya lita 225, na baba yake akamnyima urithi. Upande wa pili alisimama Bartolo Mascarello, aliyekuwa akichora lebo zake kwa mkono, na moja kati ya hizo ikayakataa kwa pamoja barrique na mwanasiasa Berlusconi. Nyumbani kwa rafiki yangu hapakukatwa kitu. Barrique ziliingia zikawekwa pembeni, na baba na mwana wakawa wanapishana ngazini bila kusalimiana.

Niliinywa tena ile ya 1985 miaka mingi baadaye, nilipokwenda kuwapa pole Mzee alipofariki. Mama aliisimamisha chupa tangu jana yake ili mashapo yatue. Kizibo kilivunjika nusu. Rangi ilikuwa imeacha wekundu ikawa ya tofali lililochakaa, na harufu ilikuwa ya waridi kavu, ngozi, uyoga na lami kidogo. Ukakasi ulikuwepo, lakini sasa ulikuwa mwembamba na ulikwenda pamoja na nyama iliyopikwa siku nzima. Sijawahi kunywa kitu kingine kilichobadilika kiasi kile bila kuguswa na mtu. Rafiki yangu alikunywa kimya. Mwaka uliofuata aliziuza barrique zote.

Wapo wanaosema wahafidhina walishinda. Mimi sikubali. Aliyeshinda ni jua. Zabibu sasa huiva kila mwaka, mara nyingi uvunaji huanza Septemba, na kilevi cha asilimia 14 na nusu ni jambo la kawaida. Hata anayetumia pipa la babu yake hutoa divai laini ambayo babu huyo asingeitambua. Tangu UNESCO ilipoviorodhesha vilima hivyo mwaka 2014, wageni hufurika, na ardhi imepanda bei hadi mkulima mdogo hawezi tena kumnunulia mwanawe shamba la jirani. (Baa ya kijiji, ambapo Mzee alicheza karata, sasa ina orodha ya divai yenye kurasa nyingi kuliko misale.)

Zamani shamba bora lilijulikana wakati wa baridi: ni pale theluji inapoyeyuka kwanza. Miteremko inayotazama kaskazini iliachiwa miti ya karanga za hazel, zile zinazokwenda kiwandani Alba kwa chokoleti. Mjukuu wa Mzee, anayeongoza shamba leo, ameing'oa miti hiyo na kupanda nebbiolo kwenye kivuli, ili zabibu zisiive upesi mno. Alinionjesha mavuno yake ya kwanza. Yalikuwa mazuri, yakinyweka palepale, nami nikaomba kuongezewa. Bibi yake alionja, akasema haitafika miaka thelathini. Kijana alimjibu kwamba wateja wake wanaifungua usiku uleule wanaoinunua.