Pakiti za Lumbesa

Saiba yangu ilikuwa chumba kimoja pale Kedowa, kando ya barabara ya Mau Summit kwenda Kericho. Kwa miaka mingi ilifanya kazi ya saiba zote za Kenya: kuchapa barua za kuomba kazi, kujaza iTax mwezi wa Juni watu wakikimbizana na tarehe 30, kuwafungulia eCitizen wazee waliosahau nenosiri walilolichagua wenyewe. VPN nilikuwa nimeisoma chuoni, nikaijibu kwenye mtihani, nikaiacha huko.

Machi 2020 ikanirudishia. Kisa cha kwanza cha korona kilitangazwa nchini tarehe 13, na kabla ya Nairobi kufungwa Aprili 6, watoto wa Kedowa walioajiriwa mjini walikuwa wamesharudi nyumbani, laptopu za kazi mkobani. Ofisi ziliwaambia wataingia kwenye seva kwa VPN, yaani njia ya siri inayopita ndani ya intaneti ya kawaida. Njia hiyo ilikuwa imejaribiwa Nairobi kwenye faiba. Huku kwetu intaneti ilikuwa simu iliyowekwa dirishani, upande unaotazama mnara.

Wote walikuja na sentensi moja: "Fundi, VPN imekataa." Nami nikawa na swali moja: inakataa kuunganika, ama inaunganika halafu hakuna kinachofunguka? Wengi hawakuwa wameangalia. Walikuwa wamebadilisha nenosiri mara kadhaa, basi. Kumbe nenosiri likikosewa, Windows husema yenyewe, kosa 691. Kosa 806 ni habari nyingine. Hilo lilitokea kwa ofisi zilizong'ang'ania PPTP, aina ya zamani ya VPN inayosafirisha data kwa itifaki nambari 47, isiyo na namba za mlango. Mtandao wa simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Bila namba ya mlango, pakiti ikirudi haijulikani ni ya nani. Hapo hakuna cha kurekebisha Kedowa. Unapiga simu ofisini na kuomba aina nyingine ya VPN. Vijana wa IT wa Nairobi hawakufurahia kufundishwa kazi na mtu wa saiba ya shambani, lakini walizoea.

Kosa nililolipenda ni la saa. Stima ikipotea, kompyuta kuukuu ya mezani iliamka ikidhani tuko miaka kumi nyuma, na cheti cha seva, kilichotolewa juzi, kikaonekana hakijaanza kutumika. Dawa yake ni betri ya CR2032, ndogo kama sarafu. Mteja mwingine aliunganika vizuri lakini faili za ofisi hazikuonekana, kwa sababu ruta ya nyumbani na mtandao wa ofisi vyote vilitumia anwani za 192.168.1, na kompyuta yake ilikuwa ikiitafuta seva humo humo sebuleni. Nilibadilisha anwani za ruta, tukamaliza. Januari 2022 masasisho ya Windows yaliua VPN nyingi za aina ya L2TP kwa karibu wiki. Wiki hiyo niliondoa masasisho tu.

Kilichonikosesha usingizi ni kompyuta ya mhasibu mmoja, mama wa makamo aliyefanyia kampuni ya Nairobi kazi akiwa kwake, juu ya kilima. VPN yake iliunganika. Barua pepe fupi ilikwenda. Akifungua jedwali la mishahara, skrini inaganda. "Kijana wangu," akaniambia, "hii kitu inanichagulia kazi." Alikuwa amesema kweli kuliko alivyojua. Vitu vidogo vilipita, vikubwa havikupita.

Hapa Kedowa mtu yeyote anayelima viazi anaijua lumbesa, gunia linaloshonewa wavu juu ili libebe zaidi ya kipimo. Pakiti ya kawaida ina kikomo cha baiti 1500. VPN huifunga kwa karatasi yake ya ziada, ikavuka kikomo, ikawa lumbesa. Nayo njia ya simu mara nyingine ina kikomo kidogo zaidi. Kifaa kilichoikataa pakiti kinapaswa kurudisha ujumbe kusema ipunguzwe, lakini kuna mitandao inayozuia ujumbe huo kwa kisingizio cha usalama. Kompyuta inangoja jibu lisilokuja. Niliukata mtandao wa VPN, nikatuma ping yenye baiti 1472, nikikataza isigawanywe. Ukijumlisha vichwa vya baiti 28 unapata 1500. Haikupita. Nikashuka kidogo kidogo hadi ikapita, kisha nikaipa VPN kikomo cha 1300 ili ibaki nafasi ya ile karatasi. Jedwali likafunguka, mishahara ya watu ikajaa kwenye skrini, mama akanigeuzia kiti nisiione.

Alihifadhi namba hiyo ya 1300 kwenye kalenda ya ukutani, na tangu hapo kila tatizo la intaneti kwake dawa yake ni kupunguza. Mei 2024, mikongo miwili ya chini ya bahari ilipokatika karibu na Afrika Kusini na Afrika Mashariki nzima ikawa inasota, alinipigia Jumatatu asubuhi.

"Mama, leo si kwako. Waya umekatika baharini."

"Sawa, kijana wangu. Kwa hivyo niweke 1200?"