Chokaa Haina Badali

Katika kichochoro kimoja cha Hurumzi umebomolewa hivi karibuni ukuta wa nyumba kongwe uliokwisha kuoza kwa unyevu, na mjukuu wangu, kijana anayesomea ujenzi na mwenye akili zake timamu, aliponiona nimehuzunika aliniambia, "Babu, usitie moyoni, watapiga saruji, utakuwa imara kuliko mwanzo." Neno hilo ndilo lililonishikisha kalamu, kwani mtoto aliyezaliwa ndani ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, akakua chini ya boriti zake, akiwa hajui kuta hizo zimeshikwa na nini, lawama si yake, ni yetu sisi tuliojua tukanyamaza.

Zimeshikwa na chokaa ya matumbawe, na maarifa yake niliyaonja kwa ami yangu, aliyekuwa fundi mwashi, mnamo mwaka 1957. Dada yangu ashikilia kuwa ni 1958, na kwa kuwa wote wawili twakumbuka masika ile ile, mwaka na uwe wowote. Magogo yalipangwa mviringo, tabaka juu ya tabaka, matumbawe yakarundikwa juu yake, kisha tanuu likatiwa moto, likawaka usiku kucha hata mawe yakageuka meupe na mepesi ajabu mkononi. Hapo ndipo ami alipoyamwagia maji, nayo yakaanza kupasuka na kutoa mvuke, yakichemka yenyewe pasi na kuni, na ikatoka harufu kali yenye ubaridi ndani yake, mithili ya mvua ya kwanza iangukapo juu ya jiwe lililopigwa na jua, harufu ambayo hadi leo nikiipata mahali husimama, ijapokuwa siku hizi ni nadra mno.

Chokaa hiyo haikupelekwa kazini siku ile wala mwezi ule. Ilitiwa shimoni, ikafunikwa, ikaachwa ilainike. Na kila ami alipokwenda kuitazama alichota kidogo, akaisugua baina ya kidole gumba na cha shahada, macho ameyafumba, na akihisi punje moja tu, shimo hufunikwa tena, hata kama mwenye nyumba ni mtu mkubwa na harusi ya bintiye imekaribia. Alitufahamisha kwamba punje isiyoiva hungoja, na baada ya ukuta kupakwa na kusifiwa hunywa maji, ikavimba, ikautoboa kutoka ndani. Ilipokuwa tayari ilichanganywa na mchanga na udongo mwekundu; na kwa sakafu ya juu watu waliketi safu safu na vibao mikononi, wakaipiga kwa mwendo mmoja huku wakiimba na kuinyunyizia maji, hata ikashikana ikawa ngumu.

Kazi hii haikuwa ya taratibu kwa uvivu. Ukuta wa matumbawe hunyonya maji ya ardhini, na una chumvi ndani yake. Chokaa huyaachia maji hayo yatoke, na yenyewe hushiba hewa polepole hata ikarejea kuwa jiwe. Saruji huziba. Maji yakikosa njia hubaki ndani, chumvi ikaula ukuta, na vichwa vya boriti vilivyozikwa humo vikaoza pasi na mtu kuviona. Nyumba yetu wenyewe ilipigwa saruji na mkandarasi aliyekuja na maneno matamu, na haikupita miaka mingi plasta ikabambuka mapande kwa mapande, yakatoka na matumbawe yaliyokuwa mazima tangu enzi za mababu. Mpaka leo hasira ya jambo hilo haijanitoka.

Yaliyofuata yanajulikana. Nyumba zilibadilisha wenyewe, mabomba yakavuja, mabati yakafunika sakafu zilizopigwa kwa nyimbo, na mafundi wakafa mmoja mmoja bila wanafunzi. Mwaka 1985 ikaundwa Mamlaka ya kuuhifadhi mji, mwaka 2000 UNESCO ikautia katika urithi wa dunia, na tarehe 25 Desemba 2020 ikaporomoka sehemu ya Beit el Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Sayyid Barghash mwaka 1883, na roho za watu zikapotea. Kila lipitapo jambo kama hilo husikia makadirio ya fedha, na fedha ni lazima. Lakini fedha haiivishi chokaa kabla ya wakati wake, wala haimfundishi mtu kuitambua punje kwa ncha ya kidole.

Kwa hiyo namwambia mjukuu wangu, na kila mwenye nyumba ya mawe baina ya Shangani na Malindi: kabla ya kuuliza bei, muulize fundi chokaa yake imekaa shimoni muda gani, na asiyekuwa na jawabu la suala hilo, asikabidhiwe ukuta.