Chaja iliyoingia lakini haikufaa

Karibu kila nyumba ina kapu la nyaya. Ndani yake kuna chaja ya simu iliyokufa, kiboksi cha king'amuzi kilichotupwa zamani na waya ambao hakuna anayekumbuka ulikuwa wa nini. Na juu ya kabati, chini ya mashuka, mara nyingi ipo laptopu ambayo haikuharibika chochote ila ilipoteza chaja.

Ya familia moja ya Mbagala, Dar es Salaam, ni IBM ThinkPad T42, nyeusi, nzito, toleo la mwaka 2004. Baba aliipata kazini, ofisi ilipobadilisha mashine zake. Ilifanya kazi vizuri mpaka panya walipotafuna waya wa chaja. Kwa kuwa kodi na ada havingoji, ikapandishwa kabatini, ikakaa huko miaka hadi binti mkubwa alipomaliza mtihani wa kidato cha nne.

Mzazi aliyepitia miezi ile anaijua. Mtihani umeisha Novemba, matokeo kwa kawaida ni Januari, na hata yakitoka bado mtoto ana miezi ya kukaa nyumbani kabla ya kidato cha tano. Binti alitaka kujifunza kuchapa. Tena alikuwa na neno lingine moyoni. Alimwona rafiki yake akijaziwa maombi ya chuo kwenye kibanda cha steshenari, neno la siri likabaki kwa mhudumu, na kila alipotaka kurekebisha kitu ikabidi arudi akalipe upya. Akasema fomu zake atazijaza mwenyewe, mezani kwao.

"Kompyuta yenyewe imemzidi mtoto umri," mama akasema. "Hiyo hela si bora nimnunulie mdogo wake viatu?"

Mama hakuwa mkorofi. Viatu vilikuwa vimetoboka kweli. Wakakubaliana kwamba baba ataenda Kariakoo mara moja tu, na binti wamfuate na mashine yenyewe mgongoni, maana kununua chaja kwa kuhadithia ni kama kununua kiatu kwa kukisia mguu wa mtu.

Duka la kwanza halikuchukua dakika tano. Kijana akachomoa chaja ukutani, akaichomeka, ikaingia barabara, wala haikulegea. "Hii hapa mzee wangu, imekubali." Baba akaingiza mkono mfukoni. Binti alikuwa ameigeuza laptopu anasoma maandishi ya chini.

"Baba, hapa pameandikwa 16V. Hiyo ya kaka ni 19V."

"Volti tatu tu hizo, dada, hazina shida."

Maneno hayo yameua kompyuta nyingi. Plagi kuingia hakumaanishi umeme unalingana: kampuni mbalimbali zimetumia tundu la ukubwa uleule kwa volti tofauti. Fikiria simtanki juu ya paa. Volti ni urefu wa mnara: ukiupandisha mno, maji yanashuka kwa nguvu na viungio vya bomba vinapasuka. Ampea ni wingi wa maji yaliyomo: tanki likiwa kubwa zaidi hakuna hasara, nyumba itachota kiasi inachohitaji tu. Kwa hiyo volti za chaja zilingane na zilizoandikwa kwenye mashine, na ampea ziwe sawa au zaidi. Zikipungua, chaja inachemka, au kompyuta inazimika ukiipa kazi nzito. Kisha kuna kile kialama cha duara chenye nukta katikati, chenye kujumlisha upande mmoja na kutoa upande wa pili. Nacho kifanane. Ukikuta pande zimegeuzwa, usijaribu hata kwa sekunde moja.

Baba akatoa mkono mfukoni. Kijana akanuna kidogo, lakini ndiye aliyewaelekeza duka la pili. Huko wakaletewa chaja yenye jina la ThinkPad kabisa, ila ilikuwa ya 20V na plagi nene. Hiyo ni ya matoleo ya baadaye, kama T60, Lenovo ilipokuwa imeshainunua biashara hiyo kutoka IBM. Jina moja, ukoo mwingine. Duka la tatu lilikuwa na chaja ya vichwa vingi yenye swichi ya kuchagua volti. Si mbaya, na kwa mashine za zamani wakati mwingine ndiyo pekee inayopatikana. Lakini katika nyumba yenye mtoto wa miaka sita, swichi inayosogezwa kwa kidole ni jambo la kuwaza mara mbili.

Wenye Dell au HP wana mtihani wao. Plagi zao nyingi zina kijisindano katikati kinachoieleza kompyuta chaja ni ya aina gani. Ukinunua ya bandia, au sindano ikipinda, Dell nyingi zitawaka lakini zitakataa kuchaji betri, na watu huishia kununua betri mpya bure.

Waliipata jioni, kwa fundi aliyekaa ujia wa ghorofani na boksi la chaja zilizotumika. 16V, 4.5A. Baba hakutaka maneno, akaomba ipimwe. Fundi akagusisha mita: 16.2. Akaichomeka, taa ya kijani ikawaka, wakaiacha imewaka robo saa huku baba akiipapasa kusikia joto. Bei ilianzia elfu thelathini, ikaishia elfu kumi na nane, pamoja na ahadi ya kurudishiwa ndani ya wiki.

Kuwaka ni jambo moja, kuingia mtandaoni ni lingine. Usiku ule mama mwenyewe akatoa simu yake irushe intaneti. Laptopu haikuiona. Kadi nyingi za zama zile husikia mawimbi ya 2.4 GHz tu, na simu ilikuwa ikirusha 5 GHz. Walipobadilisha kwenye mipangilio, jina la simu likajitokeza. Kisha kila tovuti ikatoa onyo kwamba si salama. Kosa lilikuwa la tarehe. Betri ndogo ya ndani, CR2032 ya volti 3, ilikuwa imekufa, na kompyuta ilidhani bado ni miaka ya nyuma sana. Kivinjari hukagua vyeti vya kurasa, vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, kwa hiyo mashine iliyopotea mwaka hukataa karibu kila kitu.

Tarehe ikarekebishwa, lakini Windows XP ikabaki tatizo. Microsoft iliacha kuilinda Aprili 2014, na si mahali pa kuandika neno la siri la mtoto. Kijana wa jirani akaweka Linux nyepesi, bila malipo. Hata hivyo, asidanganywe mtu: video ni za kusuasua, na kurasa zenye mbwembwe nyingi hufunguka polepole kiasi cha kuinjika chai na kuinywa. Kuchapa, barua pepe na fomu, inaweza. Kurasa za matokeo za NECTA, ambazo ni majedwali mepesi tu, hufunguka bila taabu.

Viatu vilinunuliwa mwezi uliofuata. Chaja ina kipande cha plasta nyeupe kilichoandikwa kwa kalamu ya wino "16V, YA LAPTOPU TU", kwa sababu kiboksi cha king'amuzi nacho ni cheusi na kinakaa palepale. Mama ameanza kuandikisha michango ya kikoba chake humo, binti akichapa, yeye akitaja majina.

Betri hawajanunua. Umeme ukikatika, kioo kinakuwa cheusi papo hapo, na mara ya kwanza ukurasa mzima wa michango ulipotea. Siku hizi binti huhifadhi kila baada ya mistari miwili, na mama, akiona taa ya sebuleni inapepesa, humpigia kelele kutoka jikoni: "Seva!"