Aliugua kwa Muda Mrefu

Miaka ya 1980 na 1990, habari za misiba ya mbali zilifika Kang'ata, wilayani Handeni, kwa redio. Kipindi cha matangazo ya vifo cha Radio Tanzania Dar es Salaam kilipokaribia, nyumba yenye redio ilijaa watu. Betri zilikuwa zimeanikwa juani tangu asubuhi zipate nguvu kidogo, na mwandishi wa makala haya, mtoto wakati huo, ndiye aliyetumwa kuzianua. Mtindo ulikuwa mmoja: fulani wa Handeni anasikitika kutangaza kifo cha nduguye kilichotokea Hospitali ya Bombo, Tanga, habari ziwafikie wafuatao, popote walipo. Hapo yalifuata majina, wa Korogwe, wa Muheza, wa mashamba ya mkonge. Sababu ya kifo, ikitajwa, ilikuwa ya maneno machache tu.

Wasikilizaji walijijazia wenyewe. "Ajali" ilikuwa ajali. "Ghafla" iliamsha minong'ono kwamba kuna mkono wa mtu.

Kisha ukaja UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983, na haukupita muda kabla maneno "baada ya kuugua kwa muda mrefu" hayajabeba maana mpya. Zamani maneno hayo yalimhusu mzee wa pumu. Sasa yakisomwa juu ya kijana, dereva wa lori au mchimba dhahabu, watu walitazamana na hakuna aliyeuliza. Mitaani ugonjwa ulikuwa na majina tele, ngoma, miwaya, umeme. Tangazo halikuazima hata moja. Waliodhulumiwa zaidi ni walioteswa miaka na figo au kansa, wakazikwa pamoja na uvumi usiowahusu.

Ila si kila fumbo lilikuwa siri. Aliyefia nyumbani bila kuonwa na daktari, kilichoonekana ni homa, basi ikatajwa homa. Msiba ukiwa wa Waislamu, makaburini hutangazwa mwenye kumdai marehemu ajitokeze, maradhi hayamo. Wakristo wana historia fupi ya marehemu, na hiyo ina ufundi wake: aya ya mwisho huzitaja hospitali zote alizopitishwa, moja baada ya nyingine, hadi mauti yalipomfika, bila kusema alikuwa akitibiwa nini.

Mwaka 1999 Rais Mkapa aliutangaza UKIMWI kuwa janga la taifa. Mwaka 2007 Rais Kikwete alipima hadharani. Hata hivyo, kilicholegeza ndimi ni dawa za bure zilizoanza kutolewa mwaka 2004, kwa sababu mgonjwa aliyerudi shambani na jembe lake aliondoa nusu ya aibu.

Halafu Korona ikaturudisha nyuma. Serikali ilipoacha kutoa takwimu mwaka 2020, zikiwa zimeishia kwa wagonjwa 509, matangazo ya misiba yalijaa "nimonia" na "changamoto ya upumuaji". Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, Maalim Seif Sharif Hamad, alipofariki Februari 2021, chama chake, ACT-Wazalendo, kilikuwa kimeshasema wazi wiki chache kabla kwamba ameambukizwa Korona. Ilihitaji moyo kusema hivyo wakati ule.

Mwaka 2024 lugha ilikuwa nyingine. Lowassa, Waziri Mkuu wa zamani, alipofariki, taifa lilielezwa juu ya mapafu, utumbo kujikunja na shinikizo la damu. Wiki chache baadaye Rais Samia alitangaza kwamba Mzee Mwinyi, Rais wa zamani, amefariki kwa saratani ya mapafu.

Siku hizi tangazo hufika Kang'ata kupitia grupu la WhatsApp la ukoo, lina picha ya marehemu, na presha na sukari hutajwa bila kunong'ona. Kansa bado huzungukwa, hasa ya mama. Hapo ndipo familia zinapojiumiza. Binti akifika kliniki huulizwa kama kwao kuna aliyewahi kuugua kansa ya matiti, naye alichosikia msibani ni kwamba bibi aliugua kwa muda mrefu. Mnaoandika historia ya marehemu, kama daktari aliutaja ugonjwa, basi walau wanawe na wajukuu waambieni jina lake.