Kombe ni la Nani?

Mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni. Timu ya sokoni ni timu nzuri, sikatai. Hadi mwaka jana ilikuwa imetwaa kombe la mashindano yetu ya likizo ya Agosti mara 4 mfululizo, na hata mara moja sikuiona ikishinda kwa bahati. Ina mlinda lango mrefu kama mlingoti wa simu. Ina viungo ambao wakishika mpira huuoni tena mpaka umo wavuni. Na upande wa kushoto ina kaka yangu, tumbo moja, baba mmoja. Hapo ndipo taabu yangu ilipoanzia, kwa maana mimi ni katibu wa timu ya mtaa wetu, ile iliyochapwa mabao 6 kwa nunge katika fainali ya mwaka jana.

Kwa asiyejua mambo yetu ya Garissa, mtaa huku tunauita bulla, na kila bulla ina timu yake. Timu 8 huingia mashindanoni. Uwanja ni mchanga mtupu, upande mmoja ua wa miiba, upande wa pili njia ya mikokoteni ya punda inayopeleka maji. Mechi huanza saa kumi na nusu jua likianza kulegea, na refa hulazimika mara mbili tatu kupuliza kipenga ili mbuzi watoke ndani ya eneo la hatari. Hakuna tikiti. Kijana mmoja huzunguka na mkebe, anayetaka hutia shilingi 20, anayetaka hutazama angani kama aliyeona ndege. Pesa za mkebe zilikuwa za timu inayoshinda.

Sasa, timu ya sokoni haina bulla. Ni ya mfanyabiashara mmoja ambaye sitamtaja, mtu mkarimu, apendaye kandanda kuliko chakula. Yeye hukaa kwenye kiti cha plastiki kando ya mstari akitazama. Kijana aking'aa mwaka huu akichezea bulla fulani, mwaka ujao utamwona amevaa jezi ya sokoni. Huko atapata viatu vya mpira vyenye meno, chakula baada ya mazoezi na shilingi 300 kila mechi. Sisi wengine tunacheza peku au na raba zilizoshonwa na fundi hadi zikasahau rangi yake.

Fainali ile ya 6-0 nitaikumbuka daima. Hadi mapumziko tulikuwa tumefungwa 4. Nilipogeuka kuangalia mashabiki, lahaula! Nusu yao walikuwa wameshaondoka, na mama mmoja muuza chai alikuwa anazifunika birika zake. Mkebe ulirudi ukilia kama njuga, sarafu chache tu. Kaka yangu alifunga mabao 2 siku hiyo na hakushangilia hata moja. Alitembea kurudi katikati akitazama mchanga.

Basi kamati ilipoitisha mkutano mwezi wa Mei mwaka huu, nilishika kalamu. Niliandika barua ya kurasa 3, kwa Kiswahili ambacho mwalimu wetu angekipigia makofi, nikipendekeza kanuni moja: kila mchezaji achezee bulla anakolala. Aliyezoea kununua asinunue tena.

Hoja yangu ya kwanza niliitoa kwetu wenyewe. Sisi wa Kaskazini Mashariki tunalijua jambo hili kuliko wengi. Katika michezo ya shule za sekondari nchini, kila moja ya zile kanda 8 za zamani hupeleka bingwa wake katika mashindano ya kitaifa. Kanda yetu ina nafasi yake pale. Kama nafasi zingegawanywa kwa nguvu peke yake, Nyanza na Magharibi zingejaza basi zima, na sisi tungebaki tukisikiliza matokeo redioni. Shule ya Mandera hutembea zaidi ya kilomita 600 kuja kucheza Garissa tu, kabla hata haijafikiria Nairobi au Kisumu. Je, mtu aliyesafiri hivyo anaweza kufika akiwa sawa na aliyeshuka basi la nusu saa? Wako wanaosema nafasi yetu ni sadaka. Mimi naona hakuna mashindano ya kitaifa kama sehemu ya taifa haimo.

Hoja ya pili niliitoa katika ligi kuu ya Kenya, iliyoanza mwaka 1963. Niliandika kwamba Gor Mahia walitwaa ubingwa mwaka 2013, 2014 na 2015, na huo wa 2015 bila kupoteza mechi hata moja. Kisha wakatwaa tena kuanzia 2017 hadi 2020 pasipo kuachia mtu. Nikauliza: timu nyingine zinavaa jezi za nini? Nikatoa na mfano wa Sony Sugar ya Awendo. Timu hiyo ya kiwanda cha sukari ilikuwa bingwa mwaka 2006. Mwaka 2019, mdhamini wa ligi alipojiondoa, hali zikawa ngumu, na mwaka huohuo Sony Sugar ikaondolewa ligini kwa kukosa kufika uwanjani katika mechi 3. Bingwa mzima! Hakufungwa na mtu, alishindwa na nauli.

Nikamalizia kwa Marekani. Kule wana kandanda yao ya kushika mpira kwa mikono, na ligi yao ndiyo yenye utajiri mkubwa. Ungedhani matajiri hao wangeachiana mbio za mwenye nguvu mpishe. La hasha. Tangu mwaka 1936 timu iliyoshika mkia hupewa nafasi ya kwanza kuchagua kijana mpya anayetoka chuoni. Pesa za televisheni za taifa zima hugawanywa sawa kwa timu zote. Tangu 1994 kuna kiwango ambacho timu haiwezi kukipita katika kulipa mishahara. Fainali yao kubwa ilianza Januari 1967, na mpaka leo hakuna timu iliyoitwaa mara 3 mfululizo.

Barua ilisomwa chini ya mwarobaini. Wazee walitikisa vichwa kwa kuridhika. Nilirudi nyumbani kifua mbele.

Kaka alikuwa ameketi mlangoni akitoa mchanga kwenye viatu vyake kwa kijiti.

"Warya, mwandishi," akaniita. Hakuinua macho. "Nasikia umeandika."

"Nimeandika juu ya mashindano."

"Umeandika juu yangu. Ni nani mwingine kutoka bulla hii yuko sokoni?"

Nikasema kwamba sikumtaja jina. Akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha.

"Hivyo viatu vyako vya shule vilinunuliwa na nani?"

Sikujibu. Nilidhani ni baba. Kumbe zile mia tatu tatu za Agosti ndizo zilizonunua, na kwa sababu ya mpira yule tajiri alimpa kazi ya kupakia mizigo dukani baada ya kidato cha nne, kazi ambayo ndiyo imetutoa hoohae miezi ile baba alipokuwa hana kitu. Mkono mtupu haulambwi, msomaji. Mimi nilikuwa nimeandika juu ya haki nikiwa nimevaa viatu vya dhuluma, kama kweli ilikuwa dhuluma.

Kaka yangu si mtu wa vitabu lakini mpira anaujua. Usiku ule tulibishana mpaka hooyo akatufukuza tukalale. Kwanza alinikumbusha jambo ambalo kwa ujanja sikuliandika. Gor walikaa kutoka 1995 hadi 2013 bila ubingwa. AFC Leopards, Ingwe wenyewe, walichukua mara ya mwisho 1998. Katikati hapo kombe lilizunguka kama sahani ya harusi: Tusker, Oserian ya mashamba ya maua ya Naivasha mwaka 2001 na 2002, Ulinzi, Sony Sugar, Mathare United mwaka 2008, Sofapaka mwaka 2009 katika msimu wao wa kwanza ligini.

"Hiyo ndiyo ligi unayoitaka," akasema. "Kila mmoja na zamu yake. Sasa niambie, hapa Garissa ni nani anayekumbuka fainali yoyote ya Oserian? Watu wanataka timu kubwa. Wanataka wampende au wamchukie."

Akaenda Tanzania. Tangu 2001 mpaka msimu uliokwisha 2025, ni Azam peke yake, mwaka 2014, aliyepenya kati ya Simba na Yanga. Wengine wote ni wasindikizaji. Na bado siku ya Simba na Yanga uwanja wa Dar es Salaam unafurika, na huku kwetu hoteli zenye televisheni zinajaa mpaka watu wanasimama.

Hapo nilipata pa kumkamatia. "Lakini kaka, Simba ana Yanga. Sokoni ana nani?"

Alinyamaza. Baadaye sana, nilipodhani amelala, akasema gizani, "Ile sita bila haikunipendeza hata mimi."

Nililala nikiwaza. Simba na Yanga wanajaza uwanja kwa sababu hujui nani atashinda. Kwa hiyo lengo langu halikuwa baya. Kosa langu lilikuwa jingine. Nilitaka timu zote ziwe sawa, nikachukua gharama yote ya usawa huo nikamtwika mchezaji. Tajiri asingepoteza kitu; angebaki na duka lake na kiti chake cha plastiki. Kamati isingepoteza kitu. Anayepoteza ni kijana mwenye mguu wa kushoto, ambaye mguu huo ndio shamba lake. Hata kule Marekani kijana anayechaguliwa na timu iliyoshika mkia haulizwi kama anapenda kwenda huko, ila yeye hulipwa mamilioni ya kumliwaza. Kaka angeliwazwa na nini? Na raba za fundi?

Tena nikagundua kwamba katika mfano wangu wenyewe wa Marekani kulikuwa na mambo mawili tofauti, nami nilikuwa nimeyafunga kamba moja. La kwanza ni kumfunga mchezaji mahali. La pili ni kugawana pesa za watazamaji. Hili la pili halimdhuru mchezaji hata chembe. Na lina haki yake: watu hawaji kutazama timu ya sokoni ikicheza na ukuta. Wanakuja kuitazama ikicheza na sisi. Hata zile bao 6, mlangoni palikuwa na mtu wetu wa kufungwa. Sasa kwa nini mkebe wote uende upande mmoja?

Niliandika barua ya pili. Fupi, ukurasa mmoja, bila methali. Niliomba kanuni yangu ya kwanza iondolewe na badala yake mkebe ugawanywe sawa kwa timu zote 8. Kuirudisha barua mbele ya wazee si jambo rahisi. Adeer mmoja ambaye ni mwenyekiti wa kamati alinitazama akaniuliza, "Kijana, unatetea mpira au unatetea nyumba yenu?" Nikasema, "Vyote viwili, adeer." Watu wakacheka. Hata sasa sijui kama nilijibu vizuri, lakini sikusema uongo.

Wazee ni wazee. Walichukua nusu ya barua hii na nusu ya ile. Mkebe utagawanywa sawa, na timu ya sokoni iruhusiwe kuongeza mchezaji mmoja tu mpya kila mwaka. Wale ilio nao wabaki. Tajiri alinung'unika siku mbili, kisha akanunua jezi mpya.

Agosti ilipofika hatukufika fainali. Tulikutana na sokoni katika nusu fainali, tukafungwa 2-1, na bao la pili alilifunga kaka dakika za mwisho, mpira wa kushoto uliopinda kama mundu. Safari hii alishangilia, alikimbia mpaka kwenye ua wa miiba. Niliudhika kama mtu aliyemwagiwa maji usingizini. Lakini nilipogeuka kuangalia mashabiki, hapakuwa na aliyeondoka. Wengine walikuwa wamepanda juu ya mikokoteni, na wenye mikokoteni walikuwa hawajali kwamba maji yanachelewa.

Mkebe ulihesabiwa juu ya mkeka baada ya fainali, mbele ya manahodha wote na makatibu wote. Kila timu ilipata shilingi 1,850. Kwa pesa hizo tulinunua mtumbani jozi 2 za viatu vya mpira, moja nambari 8 na moja nambari 9, na zikabaki za kununua sindano ya mpira. Sasa mlinda lango anasema jozi moja ni yake kwa kuwa ndiye anayeumia zaidi. Mshambulizi anasema mabao hayafungwi kwa huruma. Nahodha naye mguu wake ni nambari 8, na anasema hilo peke yake linatosha. Wameniagiza, mimi katibu, niandike kanuni ya nani atavaa.