Cheni ya boda haivutiki, inalika

Kazi yangu ni kuandika programu, lakini kila nikienda Migori au Homa Bay huishia kukaa kwa mafundi wa bodaboda. Wengi husema cheni "imevutika". Hapana, vyuma vyake havijavutika. Kilicholika ni pini na bushi ndani ya kila kiungo, maana vumbi la murram likichanganyika na oili huwa kama msasa. Cheni hii ya rola ni ya Hans Renold wa Manchester, mwaka 1880, na mpaka leo haijabadilika sana.

Chukua rula. Cheni ya 428, iliyo kwenye boda nyingi, ina milimita 12.7 kutoka pini hadi pini, kwa hiyo nafasi 20 ni 254. Ukipata 259, imelika kwa karibu asilimia 2 na inaanza kupanda juu ya meno. Ikiruka mteremkoni na kukwama, gurudumu la nyuma linafunga, na abiria wawili wako juu. Dereva anajua, lakini jioni kuna pesa ya mwenye pikipiki, basi anaikaza tu siku ipite.

Tena usifunge cheni mpya kwenye sproketi iliyochongoka (ni kama programu mpya juu ya data mbovu): meno ya zamani yataimaliza upesi.